Ekseli ya nyuma ya pikapu ya Land Rover 109: jinsi ya kuitambua na kuibadilisha

Pikapu ya Land Rover 109 ni gari la zamani, lakini kwa wafanyabiashara na wasafirishaji wengi wa pande zote mbili za mpaka wa Tanzania na Kenya bado ni chombo cha kazi. Kule Maralal, Kenya, na katika barabara za vumbi zinazotoka Arusha kwenda vijijini, gari hili linajulikana kwa kila mtu. Oktoba 2024 mji wa Arusha uliandaa tamasha kubwa la Land Rover.

Matoleo ya mwisho ya 109, yale ya Series III, yalitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Maana yake ni kwamba ekseli ya nyuma inapokwisha, mwenye gari hutafuta iliyokwisha kutumika. Mara nyingi huinunua upande mmoja wa mpaka na kuifunga upande mwingine. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu ekseli mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kuwa tofauti kabisa ndani, na kosa hugundulika gari likiwa limebeba mzigo kwenye tope.

Makala hii inaeleza jinsi ya kujua ekseli uliyonayo, jinsi ya kuipima unayotaka kununua, na mabadiliko yanayofaa kwa gari la kubebea mizigo.

MANENO YATAKAYOTUMIKA

Mafundi wengi huita ekseli yote ya nyuma "difu". Hapa tutatenganisha. Ekseli ni mhimili mzima, kutoka gurudumu hadi gurudumu. Difu ni mashine ya katikati yenye gia kubwa, yaani krauni, na gia ndogo, yaani pinioni. Hafu shafti ni vyuma viwili vinavyotoka kwenye difu kwenda kwenye magurudumu. Propela shafti ndiyo inayoleta nguvu kutoka gia boksi.

Namba ya difu ni mizunguko ambayo propela shafti hufanya ili gurudumu lizunguke mara moja. Hupatikana kwa kugawanya meno ya krauni kwa meno ya pinioni. Krauni ya meno 47 na pinioni ya meno 10 hutoa 4.7. Krauni ya meno 46 na pinioni ya meno 13 hutoa 3.54. Namba hizi mbili ndizo utakazokutana nazo zaidi kwenye Land Rover.

KWA NINI KADI YA GARI HAITOSHI

Kadi ya usajili na kibati cha chesi hukuambia gari lilitoka kiwandani likiwa aina gani. Hazikuambii kilichofungwa chini yake leo. Gari la miaka arobaini au hamsini limepita kwenye gereji nyingi. Kuna 109 iliyofungwa ekseli ya 88, na kuna iliyofungwa difu ya Range Rover. Nyingine mbele ina difu ya namba moja na nyuma ya namba nyingine.

Kwa hiyo usimtegemee muuzaji, na usitegemee mwaka wa gari. Tegemea vitu vitatu: umbo la ekseli, vipimo vyake, na hesabu ya mizunguko.

AINA TATU ZA EKSELI ZA NYUMA

1. Ekseli ya Rover

Hii ndiyo iliyofungwa kwenye 109 za miaka ya 1950 na 1960, na kwenye 88 zote. Katikati yake ni ya mviringo na imetengenezwa kwa bati nene la chuma. Ukiitazama kutoka nyuma ya gari utaona kifuniko cha mviringo kilichochomelewa, kisicho na bolti hata moja. Difu yake hutolewa kwa mbele, upande wa propela shafti, ambako imeshikwa kwa nati kuzunguka.

Faida yake ni kwamba difu hutoka nzima na nyingine huingia nzima, kazi ambayo fundi mzuri huimaliza kwa siku moja hata kijijini. Udhaifu wake ni hafu shafti zenye meno 10 upande wa difu, ambazo hukatika kwa urahisi gari likizidishiwa mzigo au dereva akiachia klachi kwa ghafla.

2. Ekseli ya Salisbury

Hii ilianza kuwa ya kawaida kwenye 109 mwanzoni mwa miaka ya 1970, na baadaye ikatumika kwenye Land Rover 110 iliyotoka 1983. Katikati yake ni chuma cha kalibu, kinene na kizito, na mirija miwili mikubwa imeingizwa pande zote mbili. Ukiitazama kutoka nyuma utaona kifuniko cha bati kilichofungwa kwa bolti 10. Bolti hizo ndizo alama ya haraka zaidi ya kuitambua.

Ina nguvu kuliko ya Rover, na hafu shafti zake ni nene zaidi. Lakini difu yake haitoki nzima kama ya Rover. Krauni na pinioni hupangwa ndani ya ekseli yenyewe kwa vipimo vidogo sana, na kitabu cha kiwanda kinataka kifaa maalumu cha kutanua chuma cha katikati. Kwa sababu hiyo, Salisbury iliyokufa kwa kawaida hubadilishwa ekseli nzima.

3. Ekseli ya ENV

Hii ilifungwa kwenye baadhi ya magari ya miaka ya 1960 kwa ajili ya kazi nzito. Ni imara, lakini ni adimu na spea zake ni shida. Ukiikuta ikiwa nzima, itunze. Ukiuziwa iliyokufa kwa ahadi ya kuitengeneza, achana nayo.

JIHADHARI NA EKSELI YA 88 NA YA 110

Ekseli ya Rover ya Land Rover 88 inafanana sana na ya 109, na mara nyingi huuzwa kama ya 109. Pima drami za breki. Breki za 109 ni za inchi 11, yaani milimita 279 hivi. Za 88 ni za inchi 10, yaani milimita 254. Pikapu ya mizigo yenye breki ndogo nyuma ni hatari kwenye mteremko, hata kama inatembea vizuri kwenye tambarare.

Salisbury ya 110 nayo huuzwa kama ya 109. Hizi hutofautiana kwa mambo mawili. Kwanza, 110 hukaa juu ya springi za mviringo, na 109 juu ya springi za majani, hivyo mahali pa kushikia springi si pamoja. Pili, 110 ni pana zaidi. Kutoka katikati ya tairi moja hadi katikati ya tairi la pili, 109 ina milimita 1,308, na 110 ina milimita 1,486. Nenda na futi kamba. Tofauti ya sentimita 18 haijifichi.

JINSI YA KUHESABU NAMBA YA DIFU

Kazi hii inahitaji jeki, chaki na watu wawili. Haihitaji kufungua kitu.

Kwanza, onyo. Breki ya mkono ya 109 haishiki magurudumu. Inashika propela shafti ya nyuma. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, breki hiyo haizuii gari, kwa sababu difu huruhusu gurudumu lililo chini kuzunguka. Gari huteleza kutoka kwenye jeki kwa namna hii. Weka mawe makubwa au vipande vya mbao mbele na nyuma ya magurudumu matatu yaliyobaki chini, na stendi imara chini ya ekseli. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kisha fanya hivi:

- Simamisha gari mahali tambarare, gia ikiwa huru na magurudumu ya mbele yakiwa hayavuti.
- Inua gurudumu moja tu la nyuma. Baada ya mawe kuwekwa, achia breki ya mkono.
- Piga alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye propela shafti.
- Mtu mmoja azungushe tairi mara 20 kamili, polepole. Wa pili ahesabu mizunguko ya propela shafti akiwa pembeni ya gari.

Ukipata mizunguko 47, difu ni ya 4.7. Ukipata 35 na kidogo, difu ni ya 3.54. Tairi huzungushwa mara 20, siyo 10, kwa sababu gurudumu la upande wa pili limesimama, na difu hugawa mzunguko nusu kwa nusu.

Ekseli iliyo chini, nje ya gari, hupimwa vilevile. Zuia upande mmoja, zungusha upande wa pili mara 20, na uhesabu mizunguko ya flenji ya pinioni. Muuzaji anayekataa hesabu hii ya dakika tano amekwisha kukujibu.

Usisahau ekseli ya mbele. Inua gurudumu moja la mbele, weka mawe kwa ya nyuma, na uhesabu kwa njia hiyohiyo. Kama magurudumu ya mbele yana hubu za kufunga na kufungua, zifunge kwanza.

MBELE NA NYUMA LAZIMA ZILINGANE

Hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika makala hii. Gari likiendeshwa kwa magurudumu mawili ya nyuma tu, difu ya mbele yenye namba tofauti haionyeshi dalili yoyote. Gari linakwenda, mnunuzi anafurahi, kiangazi chote kinapita. Masika yakija, dereva anaingiza magurudumu yote manne. Hapo propela shafti ya mbele na ya nyuma huzungushwa kwa kasi moja, lakini magurudumu yanatakiwa kwenda kwa kasi mbili tofauti. Kati ya 4.7 na 3.54 tofauti ni karibu theluthi moja. Tope likilegea, tairi hutereza na kuokoa vyuma. Ardhi ikiwa ngumu kidogo, kitu hukatika: hafu shafti, jointi ya propela, au gia ndani ya boksi.

Kwa mfanyabiashara hasara haiishii kwenye chuma. Nyanya, ndizi au maziwa yaliyolala porini siku mbili hayana soko tena. Kwa hiyo kanuni ni moja: usibadilishe namba ya difu ya nyuma bila kubadilisha ya mbele.

NJIA ZA KUBADILISHA

Njia ya kwanza: kubaki na Rover, kubadilisha difu

Inafaa kwa gari la mizigo midogo na safari fupi. Difu ya 4.7 iliyo nzima huingia bila kubadilisha kitu kingine. Kagua hafu shafti kwa wakati huohuo. Kama meno yake yamejipinda hata kidogo, zibadilishe. Beba moja ya akiba ya kila upande, kwa sababu ya kulia na ya kushoto hazilingani urefu.

Njia ya pili: kutoa Rover, kufunga Salisbury ya 109

Kwa pikapu ya kubebea mizigo hii ndiyo njia bora. Tafuta Salisbury iliyotoka kwenye 109 ya springi za majani, yenye namba 4.7, na difu ya mbele haitaguswa. Nunua kwa pamoja vitu vyake: propela shafti, kwa kuwa urefu wake si sawa na wa Rover, yu-bolti na bamba zake za chini, kwa kuwa mirija ya Salisbury ni minene zaidi, na mabomba ya breki. Wengi hununua ekseli peke yake kwa bei nzuri, halafu hupoteza wiki mbili wakitafuta propela.

Njia ya tatu: kuhamia 3.54

Difu hii hupunguza mizunguko ya injini kwa robo kwenye mwendo uleule. Gari hupiga kelele kidogo na husafiri vizuri kwenye lami. Lakini injini ya zamani ya lita 2.25 haina nguvu ya kuzungusha difu hiyo ikiwa na mzigo mlimani. Njia hii inafaa magari yaliyowekewa injini yenye nguvu zaidi, kama 200Tdi au 300Tdi, na ambayo muda mwingi yako kwenye lami.

Kwa ekseli ya Rover, difu ya 3.54 yenye meno 10 ya hafu shafti hupatikana kwenye Range Rover za zamani, zilizoanza kutengenezwa 1970. Magari ya baadaye yana meno 24, na hayo hayaingiliani na hafu shafti zako. Hesabu meno kabla ya kulipa. Kwa Salisbury, inayoingia bila kuchomelea ni ya 109 ya injini ya V8 iliyotengenezwa 1979 hadi 1985, maana ilikuwa na springi za majani na difu ya 3.54.

Ukichagua njia hii, rekebisha spidomita. Spidomita ya 109 huhesabu mizunguko inayotoka kwenye gia boksi kwenda kwenye propela, siyo ya magurudumu. Baada ya kuweka 3.54 itaonyesha mwendo mdogo kuliko wa kweli. Ikionyesha 40, gari linakwenda 53. Dereva anayepita kwenye eneo la kilomita 50 kwa saa akidhani yuko chini ya kiwango, atasimamishwa na trafiki na hatakuwa na la kujitetea.

Njia ya nne: ekseli ya gari la aina nyingine

Baadhi ya gereji hufunga ekseli ya Toyota, Nissan au Isuzu kwa sababu spea zake ni nyingi. Inawezekana, lakini pima gharama yote. Difu ya nyuma ya Land Rover haiko katikati ya ekseli, imeelekea kulia ili ilingane na gia boksi. Difu ya gari jingine ikikaa mahali pengine, propela hulala upande na jointi zake huisha haraka. Gurudumu la Land Rover lina bolti 5, na la Toyota Hilux ya magurudumu manne lina bolti 6. Utalazimika kubeba tairi mbili za akiba. Na namba ya difu isipolingana na ya mbele, magurudumu manne hayatafanya kazi tena pamoja.

UKAGUZI KABLA YA KULIPA

- Fungua bolti ya kumwagia oili. Vumbi laini la chuma ni kawaida. Vipande vinavyoshikika kwa vidole ni meno yaliyovunjika.
- Shika flenji ya pinioni na uivute juu na chini. Isicheze. Ikicheza, beringi zimekwisha.
- Izungushe mbele na nyuma kidogo kidogo. Nafasi ndogo inaruhusiwa. Mlio mkubwa wa kugonga ni ishara ya kuchoka.
- Tazama sehemu za kushikia springi na mirija yote. Tafuta mipasuko na uchomeleaji mpya uliofichwa kwa rangi.
- Ikiwa bado iko kwenye gari, lijaribu barabarani. Mlio unaokuja ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia hutoka kwenye krauni na pinioni. Ngurumo isiyobadilika hutoka kwenye beringi.

KUVUSHA EKSELI MPAKANI

Katika orodha ya forodha ekseli zenye difu ziko chini ya namba 8708.50. Mpe wakala wako namba hiyo pamoja na maelezo kamili: ekseli ya nyuma iliyotumika, ya Land Rover 109, aina yake na namba ya difu. Maelezo ya "vyuma vya gari" huleta maswali na kupoteza muda.

Wapo wanaodhani kwamba ekseli iliyonunuliwa Nairobi ni bidhaa ya Kenya, na hivyo huvuka kwenda Namanga upande wa Tanzania kwa cheti rahisi cha uasili kinachotumika kwa bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani. Sivyo. Cheti hicho ni cha bidhaa zenye asili ya nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ekseli iliyotengenezwa Uingereza haibadiliki asili kwa kuuzwa tena hapa. Ulizia kodi kabla ya kupakia, na udai risiti yenye jina la muuzaji. Risiti hiyo pia ni kinga yako ikidaiwa kwamba kipuri kimeibwa.

Mwaga oili yote na uzibe matundu kabla ya safari. Ekseli inayovuja huharibu mizigo mingine kwenye gari.

BAADA YA KUFUNGA

Tia oili ya gia ya EP90. Difu ya Rover huchukua lita 1.75 hivi, na Salisbury lita 2.5. Anayetia lita 1.75 kwenye Salisbury kwa mazoea ya Rover anaiua difu mpya. Safisha tundu la kupumulia lililo juu ya ekseli. Likiziba, joto husukuma oili kupita kwenye sili hadi kwenye breki. Toa hewa kwenye breki, na baada ya kilomita mia chache za kwanza kaza tena yu-bolti zote. Mwaga oili ya kwanza mapema, baada ya kilomita 500 hadi 1,000, uone imetoka na nini.

Jambo la mwisho ni mzigo. Pikapu ya 109 ilitengenezwa kubeba uzito unaokaribia tani moja. Salisbury haiongezi uwezo huo. Springi, breki, chesi na ekseli ya mbele vimebaki vilevile. Kazi ya ekseli imara ni kukufikisha sokoni na mzigo ulio halali, safari baada ya safari, siyo kubeba tani mbili mara moja.

KWA UFUPI

- Bolti 10 kwenye kifuniko cha nyuma: Salisbury. Mviringo usio na bolti: Rover.
- Tairi mara 20: propela mara 47 ni 4.7, mara 35 na kidogo ni 3.54.
- Mbele na nyuma namba moja, bila ubishi.
- Pima drami na upana kabla ya kulipa.
- Kwa mizigo: Salisbury ya 109 yenye 4.7, pamoja na propela yake.